Askari mpya, miezi saba kazini na tayari naishi kwa mikopo. Nyie mlivukaje?

Doria_ya_Usiku:

Wakuu habari zenu, naombeni mnisome hadi mwisho maana haya mambo kituoni siwezi kuyasema, askari mgeni ukianza kulia mshahara mbele ya wakubwa wanakuona huna moyo wa kazi. Mimi ni konstebo, nimetoka depo, yaani kwenye mafunzo ya uaskari, miezi saba iliyopita na hii kazi naipenda kwa dhati, sikuingia kwa kukosa pa kwenda. Ila hela wakuu, hela imenishinda.

Depo nilikuwa nalala hanga, nakula bwalo, sinunui kitu zaidi ya sabuni na vocha, kwa hiyo ile posho ndogo niliiona inatosha kabisa nikawa naamini nikianza mshahara kamili ndo nimetoboa. Nikapangiwa kituo cha mbali, nauli nikajilipia nikiambiwa nitarudishiwa, kufika kota zimejaa nikaambiwa katafute chumba mtaani, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na mshahara wa kwanza haukuingia sababu jina langu lilikuwa halijakaa sawa kwenye malipo. Miezi miwili nilikaa hivyo. Nikakopa kwa afande mmoja anayekopesha pale pale kituoni, nikakopa kwenye simu, na mshahara ulipokuja kuingia kuna jamaa wa taasisi ya mikopo akaja kituoni na fomu zake, akasema kwa askari hahitaji dhamana, sahihi yako tu na slipu moja ya mshahara. Nikasaini ili nifute yale madogo madogo nibaki na deni moja. Niliyafuta kweli, ila ndani ya miezi mitatu nina lile kubwa na madogo mengine mapya juu yake.

Sa hivi ukitoa kodi ya mapato, pensheni, bima na rejesho la mkopo, kinachobaki mkononi hakifiki nusu ya mshahara na hapo sijalipa chumba. Buti nilizotoka nazo depo soli zimeisha, nimenunua nyingine mwenyewe. Vocha ya kumpigia mlalamikaji ni yangu. Karatasi za kuandikia maelezo zikiisha natoa mimi au nimwambie mlalamikaji akanunue, na hapo ndo panaponitisha. Wiki iliyopita mama mmoja kanipa hela ya karatasi ikazidi, nikamrudishia chenji akakataa, akasema kaa nayo mwanangu ikusaidie. Nikakaa nayo. Usiku sikulala vizuri, na sio kwamba ilikuwa nyingi, ni kwa sababu nilifurahi kuipata.

Maswali yangu ni mawili. Nyie mlionitangulia mlivukaje miaka ya mwanzo? Na je ni mimi sijui kupanga au mshahara wenyewe hautoshi? Nyumbani wananiona nina ajira ya kudumu, simu za kuomba haziishi na ukweli siwezi kuwaambia.

Mtoto_wa_Kota:

Pole sana kaka. Baba yangu alikuwa askari, na mimi nilivyokua nilijua siku ya mshahara ni siku ambayo baba anachelewa kurudi, sio kwamba anakunywa, anapita kulipa madeni kwanza ndo afike nyumbani na kilichobaki. Swali moja, huo mkopo mkubwa ni wa muda gani? Usipolisema hilo watu watakushauri hewani.

Doria_ya_Usiku:

Miaka mitano mkuu. Nimelipa miezi minne.

Koplo_Mstaafu:

Mdogo wangu, umeuliza kama ni wewe au ni mshahara. Ni mshahara. Askari mpya analipwa kama mtu ambaye hana kodi ya nyumba, hana nauli, sare zote anapewa na chakula kipo, yaani wamepiga hesabu ya mtu wa kota wakati kota zenyewe hazitoshi, kwa hiyo tofauti yote hiyo unaibeba wewe kutoka kwenye hela ile ile. Usijilaumu kwa hilo.

Ila huo mkopo ndo wa kuuogopa kuliko udogo wa mshahara. Mimi nilisaini wa kwanza nikiwa na miezi mitano kazini. Yule mtu hajakuja kituoni kwa kukupenda, amekuja kwa sababu anakata hela yake kabla hujaiona, hata ukiugua hata ukilala na njaa yeye keshalipwa, hana cha kupoteza. Halafu subiri ufikishe mwaka hivi, atakupigia simu kwa sauti nzuri kabisa akwambie afande umefikia kiwango cha kuongezewa. Ukikubali wanafuta ule wa zamani kwa ule mpya, unapewa kiasi kidogo mkononi na muda unaanza kuhesabiwa upya. Mimi nilikubali mara nne. Nikapanda cheo, nyongeza yote ikaenda kwenye makato, nikaoa, nikazaa, bado nakatwa. Nimekatwa karibu miaka yote ya kazi yangu na siwezi kukuonyesha hata tofali moja lililotokana na ile hela.

Kwa hiyo la kwanza, usiongeze kabisa, hata mzazi akiugua tafuta njia nyingine kabla ya hiyo. Nenda kwenye hiyo taasisi uombe kwa maandishi wakwambie ukitaka kulimaliza leo unadaiwa kiasi gani, na waoneshe riba na ada na bima waliyokukata. Wengi hatukuwahi kuuliza, na kuna vitu ndani ya mkataba tulisaini bila kusoma kwa sababu tulisainia juu ya boneti ya gari nje ya kituo.

La pili, wewe unadai. Ile nauli ya kuja kituoni ni haki yako, na ile miezi miwili ambayo hukulipwa ni malimbikizo, hayajafa. Andika barua, ambatanisha tiketi kama unazo, fuatilia kwa mhasibu bila aibu wala hasira, kila mwezi. Vijana wengi mnaacha kwa kuona mtaonekana wasumbufu. Hela hiyo ikiingia usiguse, peleka yote kupunguza deni. Na jina lako liandikwe kwenye orodha ya kota hata kama wanasema hakuna nafasi, maana nafasi hutokea mtu akihamishwa na anayepewa ni yule ambaye jina lipo. Kwa sasa tafuta konstebo mwenzako mkae chumba kimoja, tena mkipishana zamu hamtaonana sana.

La tatu nataka ulisome mara mbili. Huyo afande anayekopesha kituoni mlipe umalize kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kabla ya zile za kwenye simu. Mtu anayekudai ndo huyo huyo anayepanga lindo au ana usemi kwa anayepanga. Leo anakukopesha, kesho anakwambia nitakuweka barabarani ili upate cha kunilipa. Nimeona vijana wazuri wakianza kuchukua hela za madereva kwa njia hiyo hiyo, hawakuanza kwa tamaa, walianza kwa kudaiwa na mkubwa wao.

Na ile hela ya mama wa karatasi. Uliposema ulifurahi, mimi nimekuelewa, nami nilishawahi kufurahi hivyo. Andika ombi la karatasi kwa mkuu wa kituo, hata kama hazitakuja, ili siku ukiulizwa kwa nini walalamikaji wananunua karatasi iwepo barua.

Dereva_wa_Masafa:

Naheshimu alichosema Koplo na kijana namhurumia kweli, lakini mimi naendesha lori miaka mingi na nataka niseme upande wangu. Kila tukilalamika barabarani tunajibiwa wanalipwa kidogo wafanyeje. Sisi pia tunalipwa kidogo. Na hiyo ya kusema ongezeni mshahara rushwa itakwisha sio kweli, Ghana walijaribu. Mwaka 2010 mishahara ya polisi ilipandishwa karibu mara mbili, watafiti wakaangalia safari za malori zaidi ya 2,000 na rekodi za kila kizuizi, wakakuta polisi waliongezewa mshahara na bado wakawa wanadai zaidi kwa madereva, wakati watu wa forodha ambao hawakuongezewa hawakubadilika namna hiyo. Kwa hiyo kijana asije akadhani siku mshahara ukipanda ndo ataanza kuwa mwaminifu. Awe mwaminifu sa hivi akiwa na njaa.

Mke_wa_Afande:

Dereva hapo mwisho umeongea kama mtu ambaye njaa haijamkuta yeye na watoto. Samahani lakini imeniuma.

Mume wangu hajawahi kuchukua hela ya mtu na nitaitetea hiyo popote, ila msiseme kama ni kitu rahisi. Alihamishwa mara tatu ndani ya miaka minne. Kila uhamisho kodi tuliyolipa mbele inapotea, watoto wanabadili shule, na mimi nilikuwa na kibiashara changu cha kushona, kila nikipata wateja tunahama naanza moja. Mnapopiga hesabu ya mshahara wa askari muweke na kipato cha mke ambacho kazi yake inakiua. Hakuna slipu inayoonyesha hicho.

Kilichotuokoa sisi ni kitu kidogo tu. Siku moja nilimwambia lete slipu hapa mezani, tukaisoma mstari kwa mstari, nikagundua kuna makato ya kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui, alijiunga depo wakiwa wanapewa fomu za kusaini kwa mkumbo. Akaandika barua ya kujitoa. Halafu tukawapigia wazazi wake tukawaambia kiasi halisi, kwa tarakimu. Mama mkwe alilia. Hakuwa amejua, alikuwa anadhani mwanae anamnyima. Tangu siku ile anaomba kwa kuuliza kwanza.

Mdogo wangu Doria waambie nyumbani. Unaficha ili uheshimike lakini wanaishia kukuona mchoyo.

Na kitu kingine, usije ukachukua kazi ya ulinzi wa usiku kwenye siku zako za mapumziko. Mume wangu alifanya hivyo miezi mitano kwa kujificha, akawa analala saa tatu kwa siku, halafu anashika silaha na kuendesha gari la doria. Siku alipogonga ukuta wa kituo na gari nilishukuru Mungu kwamba ulikuwa ukuta.

Dereva_wa_Masafa:

Dada yangu nimekusikia na naomba radhi, sikutaka kumaanisha ni rahisi. Nimebeba hasira za barabarani nikazimwaga kwa mtu asiyehusika.

Koplo_Mstaafu:

Hiyo ya Ghana mimi sishangai. Ukimwongezea askari mshahara na yule mkubwa wake bado anamdai hesabu ya jioni, yaani mgao wa hela za madereva, umebadilisha nini? Na ndugu nao wakisikia polisi wameongezewa, mahitaji yanapanda siku hiyo hiyo. Mshahara lazima upande, ila na anayepanga zamu naye aangaliwe, na ambaye anapokea juu. Vikitenganishwa hivyo ndo yanatokea ya Ghana. Lakini mtu asitumie hiyo habari kusema basi askari waachwe na mshahara wao mdogo, kwa sababu mtu mwenye njaa na silaha na mamlaka ni hatari kwa kila mtu.

Msomaji_wa_Kale:

Nimesoma sana historia ya polisi na hili tatizo la askari wa mwanzo lina umri mkubwa. Robert Peel alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829 konstebo alilipwa shilingi 21 kwa wiki, na miaka ile ya mwanzo walikuwa wanaacha kazi na kufukuzwa kwa wingi kiasi kwamba kati ya askari kama 2,800 waliokuwepo Mei 1830, waliobaki kufikia 1834 walikuwa 562 tu. Yaani unafundisha mtu, unamvalisha, anaondoka, unaanza na mwingine.

Ila linalonikumbusha hizi buti za Doria ni Boston, Marekani, mwaka 1919. Askari mpya kule alikuwa anaanza na dola 1,100 kwa mwaka, na sare ananunua mwenyewe kwa zaidi ya dola 200, yaani zaidi ya mshahara wa miezi miwili unaenda kwenye nguo za kazini. Vituo vimechakaa, masaa ya kazi hayana mwisho, na vita kuu vya kwanza vilikuwa vimepandisha bei za kila kitu. Wakaanzisha chama, mkuu wao akawasimamisha viongozi wao, na tarehe 9 Septemba zaidi ya askari 1,100 kati ya kama 1,500 wakagoma. Mji ukaingia vurugu, watu wakafa. Gavana Calvin Coolidge akakataa kabisa warudishwe kazini, na msimamo ule ulimpa jina hadi akafika kuwa rais. Waliogoma wote walipoteza kazi. Halafu wale wapya walioajiriwa kuchukua nafasi zao wakaanzia dola 1,400 na sare wakapewa bure. Kile kile walichokuwa wanaomba wenzao. Kila nikifika hapo nasimama kusoma, sijui wale waliofukuzwa walijisikiaje kumuona kijana mgeni amevaa sare ambayo hakuinunua.

London nao waligoma Agosti 1918, hao wakapata nyongeza, lakini mwaka uliofuata ikaletwa sheria ya kuwakataza polisi vyama vya wafanyakazi wakaundiwa chombo chao maalum. Na mpaka leo ndo hali ilivyo sehemu nyingi, hata mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1948 unaompa mfanyakazi haki ya kuunda chama, kifungu cha 9 kinaiachia kila nchi iamue yenyewe kama haki hiyo iwahusu polisi na wanajeshi. Mwalimu akigoma mtaa mzima unajua mshahara wake ni mdogo. Askari hawezi, kwa hiyo shida yake inabaki kuwa siri yake na mkopeshaji wake, na ndo maana nafurahi uzi huu upo.

Na msidhani ni nchi maskini tu. Uingereza mwaka 2013 walishusha mshahara wa kuanzia wa konstebo kutoka kama pauni 23,500 hadi 19,000, kwa hiyo aliyeajiriwa baada ya hapo alikuwa anashika doria bega kwa bega na mwenzake aliyetangulia kidogo tu, kazi ile ile, hatari ile ile, na mshahara wa kuanzia umepishana hivyo.

Mtoto_wa_Kota:

Aisee hiyo ya sare bure imeniuma. Baba alikuwa anashona soli mwenyewe na sindano ya gunia, nilikuwa nadhani anapenda kushona.

Doria_ya_Usiku:

Wakuu nimekaa kimya siku kumi, sikuwapuuza, nilikuwa nafanya mliyoniambia.

Nimemlipa afande wa kituoni yote. Nimeuza simu yangu nimebaki na ya batani, kwa hiyo mikopo ya zile app za simu nayo siwezi tena kuichukua hata nikitaka. Hapa nimeazima ya mwenzangu ninayekaa naye chumba, ndio, nimepata mtu wa kukaa naye, konstebo mwenzangu tuliyeingia naye depo pamoja na yeye alikuwa na hali kama yangu kumbe, tulikuwa tunasalimiana kila siku paredi na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Kwenye taasisi ya mikopo walinizungusha siku mbili ndo wakanipa karatasi. Miezi minne niliyolipa, deni lenyewe limepungua kidogo sana, karibu yote imeenda kwenye riba na ada. Nilikaa nje kwenye ngazi pale nikaisoma tena na tena. Koplo bila wewe kuniambia niombe ile karatasi ningelipa mwaka mzima nikidhani nimefika mbali, na wangenipigia ningeongeza.

Dada Mke_wa_Afande, nimempigia mama. Nilimtajia mshahara, nikamtajia makato, nikamtajia chumba. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani imekatika. Akaniuliza kwani buti huwa hawawapi? Nikamwambia walinipa jozi moja. Akasema basi mwezi huu usitume.

Dereva, umesema niwe mwaminifu sa hivi nikiwa na njaa. Mwanzoni nilikasirika. Yule mama wa karatasi alirudi kufuatilia kesi yake, nikampa hela yake mkononi mbele ya mwenzangu, akashangaa sana, akahesabu kama haamini. Kesi yake naishughulikia bado.

Barua ya nauli na malimbikizo nimeandika. Koplo naomba uniambie, nimpe mhasibu peke yake au na mkuu wa kituo?

Koplo_Mstaafu:

Wote wawili, na nakala ya tatu ibaki kwako. Usiondoke kwenye meza ya mtu kabla hajagonga muhuri wa kupokelewa na kuweka tarehe kwenye hiyo ya kwako. Atakwambia iache tu nitaishughulikia, mwambie kwa heshima kabisa naomba muhuri afande, usimame hapo hapo. Mimi ya kwangu niliiacha mezani bila muhuri, ikapotea, na ile nauli sikuwahi kuiona.